Uzito Kabla ya Lenzi: Darubini ya Bunduki Yenye Teke Kali

Mtu anayenunua darubini ya bunduki ya kuwindia nyati huanza kwa kuiweka jichoni na kutazama nje ya mlango wa duka. Anapima mng'ao wa lenzi, anazungusha pete ya ukuzaji, anasoma maandishi ya bango lililo mbali, kisha anauliza bei. Jaribio hilo linamweleza habari za vioo tu. Halimwambii lolote kuhusu kitu kitakachomwangusha porini, yaani kama nyuzi za kulengea zitabaki mahali pake baada ya bunduki kupiga mateke 50, na kama zitakuwa palepale baada ya saa nyingi za kutikiswa na gari kwenye barabara ya vumbi. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba, kwa bunduki yenye teke kali, uimara wa darubini huamuliwa na mambo matatu: uzito wake, wingi wa sehemu zinazojongea ndani yake, na namna ilivyofungwa kwenye bunduki. Ubora wa lenzi unakuja nyuma ya hayo, na bei inakuja nyuma zaidi.

Tanzania ni mahali pazuri pa kulitazamia swali hili. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini Tanzania uwindaji wa kitalii unaendelea kwa leseni katika vitalu vya Rungwa, Moyowosi, Maswa na eneo la Selous, na kaliba ya .375 ndiyo kiwango cha chini kinachokubalika kwa wanyama hatari kama nyati, simba na tembo. Kila msafara huwa na ofisa wa wanyamapori, na mnyama aliyejeruhiwa akapotea hulipiwa sawa na aliyeuawa. Nyati aliyejeruhiwa, zaidi ya kulipiwa, huacha kazi ya kumfuata kichakani, na wanaotangulia mbele katika kazi hiyo ni wafuata nyayo, watu ambao hawakuchagua darubini ile wala hawakuilipia. Kwa sababu hiyo nalichukulia suala la kifaa hiki kuwa zito kuliko ladha ya mnunuzi.

Hesabu yenyewe inatisha kidogo. Chukua .375 Holland & Holland, risasi iliyotoka London mwaka 1912 na ambayo hadi leo ndiyo ya kawaida zaidi katika safari hizi. Kichwa chake cha gramu 19.4 hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde, kikisukumwa na baruti ya gramu zinazokaribia 5. Bunduki ya kilo 4.3 hujibu kwa kurudi nyuma kwa kasi inayokaribia mita 5 kwa sekunde, na nishati yake ni jouli 50 hivi. Bunduki ya .30-06, ambayo wengi huiona ina teke la kutosha, hutoa karibu nusu ya hapo. Upande wa juu, .416 Rigby ya mwaka 1911 hufikia jouli 80 au karibu, na .458 Lott hukaribia 90. Lakini jouli ni kipimo cha bega. Darubini inaumizwa na ule ughafla. Kichwa cha risasi hukaa mtutuni kwa muda wa takriban milisekunde 1.4 tu, na ndani ya muda huo bunduki ya .375 iliyokuwa imetulia inafikia karibu mita 4 kwa sekunde. Ukigawanya, unapata mchapuko wa wastani wa karibu mara 280 ya ule wa kitu kinachoanguka, na kilele chake ni kikubwa kuliko wastani huo.

Hapo ndipo uzito unapoanza kusema. Bunduki inaporudi nyuma, darubini inataka kubaki ilipokuwa. Kwa hiyo pete na skrubu ndizo zinazoiburuta iifuate. Darubini ya gramu 400 inahitaji kuburutwa kwa nguvu ya wastani inayolingana na uzito wa kilo 110 hivi. Darubini ya gramu 700, yenye lenzi kubwa ya mbele, bomba nene na vifundo virefu, inahitaji nguvu ya karibu kilo 195. Skrubu ni zilezile, msuguano wa pete ni uleule, lakini mzigo umekaribia kuongezeka maradufu. Na hesabu hiyohiyo inarudiwa ndani ya bomba, kwa sababu kila lenzi, kila pete inayoshikilia lenzi na kila springi ina uzito wake, na kila kimoja kinataka kubaki nyuma kwa sekunde ile. Lenzi pana ya mbele ni kioo kizito kilichoshikwa pembezoni peke yake. Anayeongeza milimita 20 za upana wa lenzi ili apate mwanga zaidi anaongeza pia mzigo ambao gundi na pete yake vitaubeba katika kila risasi.

Sehemu iliyo dhaifu zaidi haionekani kwa nje. Ndani ya bomba la darubini kuna bomba jingine dogo, lenye lenzi zinazogeuza taswira ikae wima. Nyuma limeshikwa kwa kiungo kinachoruhusu kucheza. Mbele linasukumwa na springi likiegemea ncha za skrubu mbili, moja ya kupandisha na kushusha, nyingine ya kulia na kushoto. Mwindaji anapozungusha kifundo, ni bomba hilo linalosogea. Kwa maneno mengine, ziro yote ya bunduki ya kupigia nyati, yaani kule kulingana kwa nyuzi na mahali risasi inapopiga, inategemea springi moja ndogo kulirudisha bomba mahali pake baada ya kila mshtuko. Springi ikichoka, au ncha ya skrubu ikianza kuchimba bomba, kulenga kunaanza kutangatanga: risasi mbili zinapiga pamoja, ya tatu inakwenda pembeni, ya nne inarudi. Hakuna kinachovunjika kwa kishindo. Mwindaji anajilaumu kwamba ameogopa teke akavuta kifyatulio vibaya, na ubovu unaendelea kujificha.

Darubini yenye ukuzaji unaobadilika inaongeza mashine nyingine ndani ya mashine hiyo. Makundi mawili ya lenzi huteleza mbele na nyuma, yakiongozwa na mifereji iliyochongwa kwenye bomba la tatu. Kila mfereji una nafasi ndogo ya kuchezacheza, na nafasi hiyo hupanuka kwa kupigwa. Kirekebishi cha umbali kilichowekwa ubavuni kinaongeza lenzi nyingine inayojongea. Taa ya nyuzi inaongeza betri na saketi. Sisemi kwamba vitu hivi havifai, wala kwamba viwanda vizuri haviwezi kuvitengeneza vikadumu. Vinaweza, na vipo. Ninachosema ni kwamba kila kimoja ni mlango mmoja zaidi wa kuingilia ubovu, na mnunuzi ana haki ya kuuliza analipwa nini kwa kuufungua mlango huo. Darubini ya ukuzaji mmoja wa mara 2.5, kama ile ya Leupold yenye lenzi ya milimita 20 na uzito usiofika gramu 200, haina milango hiyo. Ndiyo maana vifaa vidogo vya namna hii vimedumu juu ya bunduki kubwa huku darubini za bei mara tatu zikirudishwa kiwandani.

Atakayepinga atasema kwamba mara 2.5 haitoshi. Jibu linategemea mnyama na umbali. Nyati hupigwa mara nyingi kati ya mita 30 na 100, na mwindaji bingwa mwenye busara hufanya kila awezalo kusogea karibu zaidi. Katika umbali huo tatizo la mwindaji ni kumtenga dume mmoja ndani ya kundi, kuona kama kuna tawi mbele ya bega lake, na kumwona jike aliyesimama nyuma yake ambaye risasi inaweza kumfikia. Hayo yote yanataka upana wa kuona. Darubini ya mara 2.5 huonyesha upana wa mita 13 hivi kwa umbali wa mita 100. Ya mara 10 huonyesha mita 3 au 4, na nyati anayekuja mbio huijaza yote kwa ngozi nyeusi isiyo na bega wala kichwa. Wapo wanaotumia bunduki moja ya .375 kwa nyati asubuhi na kwa palahala jioni kwenye mbuga ya wazi, na kwao nakubali kwamba darubini ya mara 1 hadi 4, au 1.5 hadi 5, ni uamuzi wa akili. Hapo mlango mmoja umefunguliwa kwa faida inayoonekana. Zaidi ya mara 6, kwa mnyama mwenye uzito wa kilo 700, sioni faida inayolingana na gharama yake.

Hoja ya mwanga nayo inastahili jibu kamili, maana ndiyo inayouza lenzi za milimita 50. Upana wa mwali unaotoka darubini na kuingia jichoni hupatikana kwa kugawa upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Milimita 20 ukigawa kwa 2.5 unapata 8. Milimita 24 ukigawa kwa 4 unapata 6. Mboni ya jicho la kijana gizani hupanuka hadi milimita 7 hivi, na ya mtu wa makamo mara nyingi haizidi 5 au 6. Kwa hiyo, katika ukuzaji mdogo, lenzi ndogo tayari inalipa jicho mwanga wote linaloweza kuupokea. Unaobaki hauna pa kuingilia. Lenzi ya milimita 50 inaanza kulipa pale tu ukuzaji unapopanda mara 7 na zaidi. Kinachobaki ni madhara yake: uzito, na pete ndefu za kuiinua ili isiguse mtutu. Pete ndefu zinainua shavu kutoka kwenye kitako cha bunduki, na shavu lililoning'inia hupigwa vibaya zaidi na teke. Isitoshe, kadiri darubini inavyokaa juu ndivyo uzito wake unavyopata wenzo wa kuzitikisa skrubu kila bunduki inapofyatuka.

Umbali wa jicho hauhusu uimara wa chombo, lakini unahusu uimara wa mwindaji, nao ni sehemu ya swali. Darubini nyingi za kawaida hutaka jicho likae sentimita 8 au 9 nyuma ya lenzi. Kwa .416 inayopigwa kutoka kwenye fimbo za kulengea, mwili ukiwa umeinama mbele kidogo, sentimita 8 ni chache. Ukingo wa chuma hufika kwenye nyusi. Sentimita 10 au zaidi ndizo za kutafutwa, na zipimwe katika ukuzaji wa juu kabisa, kwa kuwa katika darubini nyingi zinazobadilika umbali huo hupungua kadiri ukuzaji unavyopanda. Anayepigwa mara moja usoni hujifunza kufumba macho kabla ya kufyatua, na baada ya hapo hakuna darubini itakayomsaidia.

Sasa pete na kikalio, yaani kile kipande cha juu ya bunduki ambacho pete hushikwa juu yake, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie zaidi, kwa sababu malalamiko mengi dhidi ya darubini kwa kweli ni malalamiko dhidi ya skrubu. Fikiria pete mbili zilizoachana sentimita 10. Moja ikisogea ubavuni kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, mstari wa kulenga umegeuka kwa kiasi cha sentimita 10 kwa umbali wa mita 100. Sehemu ya kumi ya milimita ni unene wa karatasi. Sentimita 10 ni tofauti kati ya mapafu na utumbo. Hakuna lenzi duniani inayoweza kulisahihisha kosa la karatasi moja kwenye pete. Kwa hiyo fedha inayobaki baada ya kuacha darubini kubwa ielekezwe hapa. Vikalio vingi hufungwa kwa skrubu za kipenyo cha milimita 3.5, fundi bunduki anaweza kupanua matundu yakapokea za milimita 4.2, na chuma kinachobeba mzigo kikaongezeka kwa karibu asilimia 40. Vizuri zaidi ni bunduki ambazo kikalio chake kimechongwa pamoja na mwili wa bunduki, kama CZ 550 na Ruger M77, maana hapo skrubu za kikalio hazipo kabisa. Reli ya Picatinny ina mifereji inayozuia pete isiteleze mbele; baadhi ya darubini za Ulaya, Zeiss na Swarovski zikiwemo, huuzwa na reli yenye meno chini ya bomba, hivyo haziachii msuguano peke yake kazi ya kulishika bomba.

Ufungaji una adabu yake. Mafuta yafutwe kwenye matundu na kwenye skrubu, skrubu za kikalio zitiwe gundi yake, na zote zikazwe kwa spana inayopima nguvu. Pete nyingi zinataka kama nyutonimita 2 tu, na mkono wa fundi mwenye haraka huvuka hapo bila kujua, ukaliminya bomba mpaka lile la ndani likashindwa kusogea vizuri. Pete zisizonyooka huipinda darubini kabla haijapigwa hata risasi moja. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji: darubini fupi na nyepesi ninazozisifu hapa zina bomba fupi, na bunduki za .375 na .416 zina mwili mrefu, kwa kuwa risasi zenyewe zina urefu wa milimita 91 na 95. Mara nyingine pete hazifikii pande zote mbili za bomba pasipo kuongezewa mikono, na mikono hiyo ni wenzo mwingine. Heri kupima urefu wa bomba kwenye bunduki yenyewe kabla ya kulipa, hata ikibidi kuchukua darubini yenye gramu 100 zaidi.

Wapo wanaoligeuza suala la uzito juu chini: darubini nzito, wanasema, hupunguza teke. Ni kweli kwa kiasi. Gramu 300 juu ya bunduki ya kilo 4.3 hupunguza nishati ya teke kwa asilimia 6 au 7. Lakini uzito huohuo ukitiwa ndani ya kitako unaleta nafuu ileile bila kuning'inia kwenye skrubu. Wengine hukimbilia kifaa cha kupunguza teke mdomoni mwa mtutu. Bega linapata raha, ila darubini haipati, kwa sababu gesi zinazogeuzwa kando huvuta bunduki mbele ghafla wakati ilikuwa ikienda nyuma, na springi zilizobuniwa kustahimili mshtuko wa upande mmoja hupokea wa pande mbili. Bunduki za hewa zenye springi kubwa zimewafundisha wengi somo hilo; teke lake ni dogo mno, lakini huua darubini nzuri kwa mtikisiko wake wa kwenda na kurudi. Na kwa mfuata nyayo aliyesimama mbele kidogo ubavuni, mlipuko wa kifaa hicho ni hasara ya masikio.

Pingamizi kongwe kuliko yote ni la wale wasiotaka darubini kabisa. Vilengeo vya chuma havina springi, havina kioo, haviingii ukungu, na vizazi vya wawindaji viliwapiga nyati na tembo kwa hivyo. Nawaheshimu, na kwa mita 20 kichakani nakubaliana nao. Lakini vilengeo vya chuma vinataka jicho lione vitu vitatu kwa pamoja, cha nyuma, cha mbele na mnyama, na jicho la mtu aliyevuka miaka 45 haliwezi tena. Wateja wengi wa safari hizi wako katika umri huo. Nyati chini ya kivuli cha miombo saa kumi na mbili jioni ni weusi ndani ya weusi, na uwezo wa kuona bega liko wapi hasa ni huruma kwa mnyama na usalama kwa watu. Kinachotoka katika pingamizi hili, na kinapaswa kutunzwa, ni kwamba vilengeo vya chuma vibaki kwenye bunduki, vikiwa vimeshapigiwa ziro, na pete ziwe za kufunguka kwa wenzo wa mkono.

Mshindani wa kweli, kwa maoni yangu, ni kilengeo cha nukta nyekundu. Aimpoint ndogo ya Uswidi ina uzito wa gramu 100 hivi, haina bomba la kugeuza taswira, haina umbali wa jicho wa kuheshimiwa, na macho yote mawili hubaki wazi. Kwa kila kipimo nilichokiweka hapo juu inashinda darubini. Inapungua mahali pawili: haikuzi, hivyo haisaidii kuona tundu kati ya matawi kwa mita 80, na inategemea betri. Betri hudumu miaka, lakini lazima mtu aikumbuke. Kwa anayewinda nyati peke yake katika vichaka vizito ningeipendekeza bila kusita.

Dhamana ya maisha, ambayo wauzaji huitaja kama jibu la kila swali, ni ahadi ya kurudishiwa kifaa. Moyowosi hakuna kaunta ya kukirudishia. Bora kukitafutia ubovu wake nyumbani. Piga risasi 40 za nguvu kamili kwa siku tofauti. Piga tatu, sogeza nyuzi mibofyo 20 kulia, 20 juu, 20 kushoto na 20 chini, ukipiga katika kila pembe, na uone kama za mwisho zinarudi juu ya za kwanza. Itumbukize darubini katika maji ya vuguvugu utazame mapovu. Yakitoka, gesi kavu iliyojazwa kiwandani imekwisha kutoka au inatoka, na unyevu wa asubuhi utaingia badala yake. Kisha funga darubini ya pili katika pete zake, ipigie ziro kwenye bunduki hiyohiyo, andika risasi uliyotumia, na uiweke sandukuni.

Kambini, kabla gari halijaingia kitaluni, kuna desturi ya kupiga shabaha. Risasi ikienda sentimita 10 pembeni, vifundo visiguswe kwanza. Skrubu zikaguliwe moja moja, bunduki ipoe, ipigwe tena. Ikihama mara ya pili bila sababu inayoonekana, darubini hiyo ifunguliwe na ya akiba ifungwe mahali pake, hata kama ile ya kwanza ndiyo ya bei kubwa.